Kiingereza cha Bukavu: Anza na Habari za Kwenu

Mwisho wa juma, ukipita alasiri karibu na baadhi ya shule za Ibanda au Kadutu, utasikia vijana wakibishana kwa Kiingereza. Ni vilabu vya Kiingereza, na Bukavu tunavyo vingi. Vijana wamekaa, mwenyekiti anaangalia saa, mada imeandikwa ubaoni: elimu na pesa, kipi bora? Maisha ya mjini na ya kijijini, yapi yana raha? Wanasema bila woga, na hilo ni jambo la kuheshimu katika mji ambao Kifaransa ni lugha ya darasani, Kiswahili ni lugha ya soko na mtaa, na nyumbani wengi wanazungumza Mashi, Kilega au Kihavu. Lakini rudi baada ya mwaka. Mara nyingi utakuta mada ni zile zile, watu ni wale wale, na maneno hayajaongezeka. Aliyekuwa akisema "very good" bado anasema "very good" kwa chakula, kwa serikali na kwa mpira.

Vijana hawa hawana uvivu wala hawakosi akili. Tatizo ni kwamba kila Jumamosi ndoo inamiminwa na katikati ya juma hakuna anayeijaza. Mtu hawezi kutoa kinywani lugha ambayo haijaingia kichwani, na kwetu, ambako Mwingereza au Mmarekani wa kuzungumza naye kila siku ni adimu, njia pana ya kuiingiza ni kusoma: kusoma sana, kila siku, maandishi halisi yaliyoandikwa kwa ajili ya watu wanaotaka kujua jambo, si kwa ajili ya mtihani. Ushauri wangu kwa msomaji wa Bukavu ni huu: usianze na London wala New York. Anza na yale yanayoandikwa kwa Kiingereza kuhusu Kivu.

Yanaandikwa mengi kuliko wengi wetu tunavyodhani, na mengine yanatugusa moja kwa moja. Chukua mfano wa madini. Julai 2010 Rais Barack Obama wa Marekani alitia sahihi sheria kubwa ya mambo ya fedha inayojulikana kama Dodd-Frank. Ndani yake mna kifungu cha 1502, kinachozitaka kampuni zilizo kwenye masoko ya hisa ya Marekani zieleze kama bati, tantalamu, tungsteni au dhahabu zinayoitumia imetoka Kongo au nchi jirani. Septemba ya mwaka huo huo Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema, na marufuku ikadumu hadi Machi 2011. Ilipoondolewa, wanunuzi wengi wa kigeni walikuwa wamekwisha kugeuza macho. Wachimbaji wadogo wa Kalehe, wa Walungu na wa Mwenga walihisi uzito wa kifungu kilichojadiliwa na kuandikwa kwa lugha ambayo wengi wao hawakuweza kuisoma. Makala, ripoti na mabishano juu ya kifungu hicho yalijaa magazeti ya Kiingereza kwa miaka. Wangapi miongoni mwetu tuliyafuatilia?

Na Kiingereza kimetusogelea zaidi tangu wakati ule. Rwanda iliamua mwaka 2008 kukifanya lugha ya kufundishia, kwa hiyo anayevuka Ruzizi kwenda Kamembe anakutana na fomu, vibao na vijana waliosomeshwa kwa Kiingereza. Mwaka 2022 nchi yetu iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo mkataba wake ulikitaja Kiingereza kuwa lugha rasmi tangu 1999. Mfanyabiashara wa vitenge anayeagiza mzigo Kampala, muuguzi anayeomba kazi katika shirika la misaada, mwanafunzi anayetafuta nafasi ya masomo Nairobi, wote wanakutana na karatasi za Kiingereza kabla hawajakutana na mtu wa kuzungumza naye. Karatasi inasomwa. Kwa hiyo kusoma si ngazi ya kufikia kuzungumza tu. Kwa wengi wetu ndiyo matumizi yenyewe.

Sasa habari njema, ambayo walimu wetu hawaisemi vya kutosha. Msomaji wa Bukavu aliyemaliza sekondari haanzi kutoka sifuri. Wanormani waliotoka Ufaransa waliiteka Uingereza mwaka 1066, na kwa karne kadhaa baada ya hapo watawala, mahakama na makasisi wa kule walitumia Kifaransa na Kilatini. Ndiyo maana lugha ya Kiingereza ya serikali, sheria, jeshi, dawa na siasa imejaa maneno ambayo sisi tuliyasoma shuleni kwa Kifaransa. Jambo la ajabu ni kwamba kwa Mkongo, makala ya gazeti kuhusu bunge ni rahisi kuliko hadithi ya watoto. Hadithi ya watoto inatumia maneno mafupi ya asili ya Kiingereza, ya jikoni na shambani. Makala ya bunge inatumia "parliament", "minister", "opposition", "commission", "decision". Mtoto wa Manchester anaanza na paka na maziwa. Wewe anza na serikali. Usione aibu kuruka vitabu vya watoto.

Kuna mitego, ndiyo: maneno yanayofanana na ya Kifaransa lakini yenye maana nyingine. "Library" si duka la vitabu, ni maktaba. "Actually" haimaanishi sasa hivi. Mitego ya namna hii inajulikana, na ukishaanguka katika mmoja mara moja hutausahau. Isikutie hofu ukaacha msaada mkubwa ulio nao.

Tuone jinsi kazi yenyewe inavyokwenda. Nimetunga aya ifuatayo kwa mtindo wa mashirika ya habari, juu ya jambo ambalo kila mkazi wa mji huu analijua:

"Heavy rains have destroyed dozens of houses in the Congolese city of Bukavu, local authorities said on Monday. At least five people were killed when a wall collapsed in Kadutu commune."

Isome kwanza hadi mwisho bila kusimama. Ukiona Bukavu, mvua na Kadutu, tayari unajua nini kimetokea, kwa sababu umeyaona kwa macho: udongo unaoteleza, nyumba zilizojengwa kwenye mteremko, asubuhi ya majonzi. Sasa rudi. "Destroyed" inakukumbusha Kifaransa cha kuharibu. "Dozens" ni zile "douzaines" za mayai sokoni, ingawa hapa maana yake ni makumi tu, si kumi na mbili kamili. "Local authorities" huhitaji kuambiwa, na "commune" umezaliwa ndani yake. Limebaki neno "collapsed". Ukuta wa Kadutu, mvua kubwa, watu watano wamekufa: ukuta umefanya nini? Umeporomoka. Umejifunza neno bila kamusi, na umejifunza likiwa na ukuta, mvua na msiba wake. Halitatoka kichwani kama lile ulilokariri kwenye orodha.

Angalia pia vitu viwili vidogo. Kwanza, "at least". Utalikuta karibu katika kila habari ya ajali, vita au ugonjwa, kwa sababu mwandishi hana hesabu ya mwisho na anataka kusema "si chini ya". Pili, "local authorities said on Monday" imekaa mwishoni mwa sentensi. Sisi katika habari za Kiswahili huwa tunaanza na msemaji: viongozi wamesema kwamba. Waandishi wa Kiingereza mara nyingi wanatanguliza tukio, kisha wanataja aliyesema. Ukilijua hilo, hutapotea ukiona sentensi inaanza bila mwenyewe.

Vichwa vya habari vina sarufi yao, na huwachanganya wanafunzi wazuri. Gazeti litaandika "Rains destroy houses in Bukavu" kwa tukio la jana, kwa wakati uliopo. Litaandika "President to visit Goma" kwa ziara ambayo bado haijafanyika. Maneno madogo kama "the" na "is" yanaangushwa. Kwa hiyo usihukumu Kiingereza chako kwa kichwa cha habari. Nenda moja kwa moja kwenye aya ya kwanza: desturi ya uandishi wa habari ni kuweka hapo nani, nini, wapi na lini. Ukiielewa aya ya kwanza, sehemu iliyobaki ni maelezo ya kile unachokijua tayari. Ukiishiwa nguvu katikati, acha bila hatia. Jambo kuu umelipata.

Wengi wanaacha kusoma kwa sababu walianza na maandishi yasiyo ya kiwango chao. Mtaalamu mmoja wa New Zealand, Paul Nation, ambaye ametumia maisha yake kuchunguza msamiati, alikadiria mwaka 2006 kwamba mtu anayetaka kusoma gazeti au riwaya ya Kiingereza bila msaada anahitaji kujua kama familia za maneno 8,000 hadi 9,000, akihesabu neno pamoja na maumbo yanayotokana nalo. Kipimo chake ni kuelewa maneno 98 katika kila 100, yaani neno geni moja tu katika kila 50. Ukisikia namba hizo unaweza kukata tamaa. Usikate. Zinahusu mtu anayesoma lolote, juu ya lolote. Anayesoma juu ya jambo moja tu, analolijua vizuri, anahitaji maneno machache sana kuliko hayo, kwa kuwa maneno ya jambo moja yanajirudia.

Hapa ndipo inapoingia njia ninayoiamini kuliko zote: chagua habari moja na uifuate kwa wiki kadhaa. Nitoe mfano uliotokea mlangoni kwetu. Septemba 2023, huko Kamituga, mji wa dhahabu wa Kivu Kusini, ilianza kuenea aina mpya ya ugonjwa wa mpox, ambayo wanasayansi waliipa jina la clade Ib. Agosti 14, 2024, Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa ni dharura ya afya ya kimataifa. Kwa miezi, waandishi wa dunia nzima waliandika jina la Kamituga. Mtu wa Bukavu aliyefuatilia habari hiyo kwa Kiingereza alikutana na maneno kama "outbreak", "spread", "cases", "symptoms", "vaccine" na "health workers" katika makala ya kwanza, ya pili, ya kumi. Kufikia makala ya kumi alikuwa hasomi tena maneno, anasoma habari. Stephen Krashen, mwanaisimu wa Marekani ambaye kwa miongo amepigania usomaji wa hiari, anashauri jambo hilo hilo: kaa kwenye mada moja au kwa mwandishi mmoja kabla ya kuhama. Mpox ni mfano tu, chagua habari yako. Inaweza kuwa bei ya kahawa, maana vyama vya ushirika vya Kalehe na Idjwi huuza kwa wanunuzi wa nje. Inaweza kuwa sokwe wa Kahuzi-Biega, hifadhi iliyoundwa mwaka 1970 na kuingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 1980. Inaweza kuwa mpira wa miguu, ambao nausifu sana kwa kazi hii: ripoti ya mechi ya Ligi Kuu ya Uingereza inatumia vitenzi vile vile kila wiki, na kama uliangalia mechi jana unajua matokeo kabla ya kusoma.

Naomba nisimame kidogo hapo. Vita imeukalia mkoa wetu kwa muda mrefu, na Februari 2025 iliingia ndani ya Bukavu yenyewe. Kama kila makala unayosoma kwa Kiingereza inahesabu maiti, utaichukia lugha, na utajiumiza bure. Soma habari za vita kwa sababu zinatuhusu, lakini usizifanye kuwa chakula chako chote. Mwanafunzi anayesoma juu ya sokwe au juu ya mchezaji mpira Chancel Mbemba anajifunza wakati uliopita wa vitenzi sawasawa na yule anayesoma juu ya mauaji, na analala vizuri zaidi.

Kwa yule ambaye bado anaona aya nzima ni giza, kuna dawa nyingine: maandishi yenye lugha mbili au tatu. Umoja wa Mataifa una huduma ya habari kwa Kiingereza, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, na habari kubwa za Kongo mara nyingi hupatikana kwa zote tatu, ingawa si neno kwa neno. BBC nayo ina Kiingereza, Kifaransa na Kiswahili, RFI vilevile. Soma kwanza kwa Kiswahili au Kifaransa, kisha bila kupumzika soma tukio hilo hilo kwa Kiingereza. Usitafsiri. Acha akili ilinganishe yenyewe.

Lakini andiko ambalo ningependa kila kijana wa Bukavu alisome kwa namna hiyo ni hotuba ya Daktari Denis Mukwege, aliyoitoa Oslo Desemba 10, 2018 alipopokea Tuzo ya Nobeli ya Amani pamoja na Nadia Murad. Aliitoa kwa Kifaransa, na tovuti ya Tuzo ya Nobeli inayo pia kwa Kiingereza. Anaanza na Lemera, hospitali yake iliyoshambuliwa Oktoba 6, 1996, anaeleza jinsi hospitali ya Panzi ilivyozaliwa mwaka 1999, na anaitaja ripoti ya Umoja wa Mataifa juu ya uhalifu uliofanyika Kongo kati ya 1993 na 2003. Sentensi zake ni fupi. Mahali anapopataja unapajua. Weka Kifaransa upande mmoja, Kiingereza upande wa pili, aya kwa aya, na ukimaliza usome Kiingereza peke yake kwa sauti. Utakuwa umesoma kwa Kiingereza maneno ya daktari wa mji wako aliyesimama mbele ya dunia. Ile ripoti yenyewe, iliyotolewa Oktoba 1, 2010 na yenye kurasa zaidi ya 500, nayo iko kwa lugha zote mbili. Hiyo si ya mwanzo. Ina uzito wa sheria na wa msiba. Iache hadi utakapokuwa na nguvu za lugha na za moyo.

Kuhusu kamusi nina msimamo mkali. Anayefungua kamusi kwa kila neno hasomi, anachimba mawe. Soma makala yote kwanza. Mara ya pili, weka alama kwenye maneno yanayojirudia au yanayokuzuia kabisa kuelewa. Chagua matano, yasizidi, na uyaandike daftarini pamoja na sentensi nzima ulimoyakuta. Sentensi nzima, si neno na maana yake tu, kwa sababu neno la Kiingereza hutembea na wenzake na ukiliandika peke yake utalitumia vibaya. Mengine yaache yapite. La muhimu litarudi.

Programu za kutafsiri kwenye simu zinataka tahadhari hiyo hiyo. Ukibonyeza ukurasa mzima ukageuka Kifaransa, umesoma Kifaransa. Hakuna ubaya kama unatafuta habari tu, ila usijidanganye kwamba umejifunza Kiingereza. Itumie kwa sentensi moja iliyokushinda, baada ya kujaribu.

Najua hoja itakayofuata: mega zinakwisha, umeme unakatika, na mtandao una siku zake. Ni kweli, na ndiyo sababu nyingine ya kupenda maandishi. Ukurasa wa maneno unakula mega kidogo sana ukilinganisha na video. Siku yenye mtandao mzuri, fungua makala kadhaa na uzihifadhi kwenye simu ili uzisome usiku bila intaneti. Pakua programu ya Kiwix, inayokuwezesha kuwa na Wikipedia nzima au sehemu yake ndani ya simu au kompyuta bila kuunganishwa. Ipo pia Wikipedia ya Kiingereza chepesi, iliyoanzishwa mwaka 2001, yenye sentensi fupi na maneno ya kawaida. Faili lake ni dogo kuliko la Wikipedia kubwa. Mmoja wenu akilipakua mahali penye Wi-Fi, wengine wanaweza kulinakili kwa kadi ya memori. Wikipedia ina faida nyingine: unaweza kusoma juu ya Ziwa Kivu, juu ya Patrice Lumumba, juu ya somo lako la chuo, mambo ambayo tayari unayajua kwa Kifaransa.

Magazeti ya jirani msiyasahau. The EastAfrican na Daily Nation za Nairobi, Daily Monitor na New Vision za Kampala, The Citizen la Dar es Salaam, The New Times la Kigali: yote yanaandika Kiingereza cha Afrika yetu, kinachotaja mihogo, boda boda, forodha na Jumuiya, na mara nyingi kinaeleweka upesi kuliko cha magazeti ya London. Ukisoma tukio moja la Kivu katika gazeti la Kigali na katika shirika la habari la kimataifa, utaona hawachagui maneno sawa kwa watu wale wale na silaha zile zile. Hilo ni somo la lugha na pia ni somo la uraia. Soma pande zaidi ya moja, na usiamini andiko lisilotaja tarehe, mahali wala chanzo, hata kama Kiingereza chake ni kizuri.

Kuna hasara moja ya kusoma kwa macho tu, na ni kubwa kwetu. Kiswahili kinasomwa kama kinavyoandikwa. Kiingereza hakifanyi hivyo hata kidogo, na sisi tuliopitia Kifaransa tunaelekea kuimeza "h" na kukaza sauti mwishoni mwa neno. Mtu anaweza kujua maneno elfu kadhaa na Mkenya asielewe hata moja analotamka. Kwa hiyo mara mbili au tatu kwa wiki soma huku unasikiliza. BBC ina kipindi cha dakika 6 kwa wanaojifunza, chenye maandishi ya kila kilichosemwa. Wazee watakumbuka matangazo ya Sauti ya Amerika ya Kiingereza maalumu, yaliyoanza Oktoba 19, 1959: maneno kama 1,500 tu, sentensi fupi, msomaji akienda polepole. Watu wengi wa Afrika walijifunzia hapo kwenye redio ya betri. Matangazo ya redio hiyo yalisimamishwa Machi 2025, lakini mbinu yake haina mwenyewe: sikiliza pole pole, ukiwa na maandishi mbele yako, kisha rudia kwa sauti yako.

Kiasi gani kinatosha? Msomaji wa wastani anayejifunza anaweza kwenda kwa maneno kama 100 kwa dakika. Dakika 20 kila siku ni maneno 2,000, na mwaka mzima ni zaidi ya 700,000. Toa siku za ugonjwa, za msiba, za kukosa chaji. Bado unavuka nusu milioni. Hakuna kozi ya miezi mitatu, hata iwe ya bei gani, itakayokupa maneno nusu milioni. Natamani wazazi wanaouza mbuzi kulipia kozi za namna hiyo wangeuliza swali moja tu kabla ya kulipa: mwanangu atasoma nini humo?

Ninyi walimu, najua mna wanafunzi 60 darasani na kitabu kimoja, chenu. Mwaka 1980 na 1981, watafiti Warwick Elley na Francis Mangubhai walipeleka vitabu 250 vya hadithi katika madarasa ya shule za vijijini za Fiji, ambako Kiingereza kilikuwa lugha ya pili. Watoto wa darasa la nne na la tano waliosoma vitabu hivyo kila siku walipiga hatua ya kusoma karibu mara mbili ya wenzao waliofundishwa kwa njia ya kawaida. Hatuna vitabu 250. Lakini makala moja ya ukurasa mmoja, ikipigwa fotokopi kumi na kupitishwa kwa vikundi vya wanafunzi sita, inawezekana hata kwa shule ya Bagira au Cimpunda, na wiki ijayo darasa la pili linazipokea. Wape dakika 15 za kusoma kimya bila swali la mtihani. Mtihani wa taifa utakuja, na andiko la Kiingereza watakalokutana nalo ndani yake halitawatisha.

Baada ya magazeti, vitabu vitafuata vyenyewe. Sandra Uwiringiyimana, aliyekulia Uvira, ameandika kwa Kiingereza kitabu cha maisha yake, kilichotoka mwaka 2017 na kuandikwa kwa lugha ambayo kijana wa sekondari anaweza kuimudu. V. Y. Mudimbe, mzaliwa wa Likasi, alisomeshwa kwa Kifaransa na kuandika riwaya zake kwa Kifaransa. Mwaka 1988 akatoa The Invention of Africa, kitabu cha Kiingereza ambacho vyuo vikuu vya dunia vinakisoma mpaka leo. Alikuwa Mkongo kama sisi, na Kiingereza hakikuwa lugha yake ya shule.

Kwa viongozi wa vilabu nina ombi moja. Msiuvunje mjadala wa Jumamosi; ubadilisheni mlango wake. Mtu asiingie bila makala moja aliyoisoma katikati ya juma. Nusu saa ya kwanza, kila mmoja asimulie kwa Kiingereza chake alichosoma, ataje maneno yake matano, na mwenzake amuulize swali. Kisha mjadala uchukue mada kutoka humo: kahawa, forodha ya Ruzizi, chanjo, mpira. Mtaona tofauti kabla ya mwaka kwisha.

Na wewe usiye na klabu, chagua leo jambo moja unalolijua vizuri kuliko mengine yote. Tafuta makala tatu za Kiingereza juu yake, uzihifadhi kwenye simu wakati mtandao upo. Usiku soma ya kwanza, aya ya kwanza mara mbili. Ya pili iache ya kesho.